Picha ina ukungu? Jua kwanza ni ukungu gani

Zamani mtu akiingia studio akasema "nisafishie picha", alikuwa ameleta filamu na anataka karatasi. Siku hizi neno ni lilelile ila maana imegeuka. Mteja ananyosha simu, anaweka kidole juu ya uso wa bintiye aliyeolewa Ijumaa, anasema, "Nisafishie hii, ina ukungu." Na kabla sijajibu anaongeza, "Si unabonyeza tu?"

Kubonyeza kupo. Kila programu ya picha ina mahali pa kunoa, kuanzia GIMP ya bure hadi Photoshop ya kulipia, na hata Snapseed ya kwenye simu. Taabu ni kwamba ukungu si ugonjwa mmoja. Kuna ukungu wa lenzi chafu, wa mkono uliotikisika, wa fokasi iliyokwenda kwa pazia badala ya mtu, wa faili lililominywa njiani, na kuna ule ulioletwa na huko kunoa kwenyewe. Nimezipanga hapa dalili kwa maneno ya wateja wenyewe, vile wanavyozieleza wakiwa wamesimama pale mlangoni kwangu Mwembe Tayari, Mombasa.

Jambo moja lieleweke mapema. Kunoa picha si kama kunoa kisu. Programu inatafuta mpaka kati ya kiza na mwanga, mathalani pale nywele zinapokutana na shavu, kisha inakoleza kiza upande mmoja na kuongeza mwanga upande wa pili. Jicho linadanganyika kuona ukali. Mbinu hii ni ya tangu enzi za chumba cha giza: mafundi walitengeneza nakala ya picha yenye ukungu kwa makusudi, wakaibandika pamoja na negativu, na kingo zikatoka zimekolea. Ndiyo maana hadi leo kifaa chenyewe kinaitwa "Unsharp Mask", jina linalowachanganya wengi kwa sababu linasikika kama ni la kutia ukungu. Kope ambazo lenzi haikuzipata hazitapatikana kwa njia hii.

Kabla hujagusa chochote

Tengeneza nakala ya faili, ufanyie kazi nakala. Nimeona watu wakinoa, wakahifadhi juu ya ile asili, wakafunga programu. Hapo hakuna Ctrl na Z itakayokuokoa.

Kisha itazame picha kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo. Kwenye GIMP bonyeza namba 1. Kwenye Photoshop ni Ctrl na 1. Picha iliyopunguzwa ili ienee kwenye kioo huficha kila aibu.

Cha tatu, ijaribu kamera. Mimi nina kanga imetundikwa ukutani, ile yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa chini ya pindo. Mtu akiniambia simu yake imekufa macho, naifuta lenzi kwa kitambaa laini, nasimama hatua tatu, napiga ile kanga mchana. Herufi zikisomeka na nyuzi za kitambaa zikionekana, kamera ni nzima na kosa lilikuwa la siku ile. Zikibaki na ukungu upande mmoja tu wa picha, au kote hata baada ya kufuta, hilo si la programu. Lenzi imeanguka au imelegea, na ni la fundi wa simu.

"Picha nzima kama ina moshi"

Alama yake: kingo hazijajirudia mara mbili, lakini cheusi kimekuwa kijivu, rangi zimepauka, na kila taa ina wingu linaloizunguka.

Sababu inayoongoza ni mafuta ya vidole. Mtu amekula viazi karai, ameshika simu, kidole kimepita juu ya lenzi, basi. Inayofuata ni kile kioo cha bei rahisi kinachobandikwa juu ya kamera ya simu ili kuilinda: kikishakwaruzika, picha za usiku zote huwa na miale ya ajabu. Kibandue upige tena kabla hujalaumu simu.

Ya tatu ni ya mji wetu hasa. Mpiga picha anakaa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi saa mbili, anasikia gari la bwana harusi limefika, anatoka mbio nje. Kioo cha lenzi bado ni baridi, hewa ya nje ni ya joto na imejaa maji, na lenzi inatokwa na jasho papo hapo, sawasawa na chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ukiifuta, jasho linarudi. Dawa ni kuiacha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ili ipate joto polepole, au kutoka mapema kabla ya watu. Mara nyingi nimepoteza dakika kumi za kwanza za mapokezi kwa sababu hii.

Halafu kuna chumvi. Ukipiga Nyali au ufuo wowote pepo zikiwa kali, matone ya bahari hukauka juu ya lenzi na kuacha utando. Usiusugue mkavu, chembe za chumvi hukwaruza. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo.

Kwa picha iliyokwisha kupigwa, habari ni njema kuliko unavyodhani, kwani moshi wa aina hii umeficha undani bila kuufuta. Usianze kwa kunoa. Fungua "Levels", usogeze alama ya cheusi hadi pale mlima wa grafu unapoanza. Tayari nusu ya moshi imeondoka. Kisha tumia Unsharp Mask kwa namna wengi hawaijui: "Radius" kubwa, 40 hadi 60, na "Amount" ndogo mno, 0.15 au 0.2 kwa vipimo vya GIMP. Hapo hunoi kingo, unarudisha uzito wa vivuli. Wenye Lightroom wana kitelezi cha "Dehaze" kinachofanya kazi inayokaribiana na hiyo. Ukali wa kawaida ufuate mwishoni, kidogo tu.

Simama hapa: ukiangaza tochi ndani ya lenzi ya kamera ukaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ni kuvu. Unyevu wa Pwani unaipenda lenzi iliyofungiwa kabatini miezi. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Mpelekee fundi wa kamera mapema, kwa kuwa kuvu ikikaa hula ule mpako wa kioo na haitoki tena. Lenzi zilizobaki ziweke kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

"Taa zimekuwa nyuzi"

Hii ndiyo ninayoipenda kuichunguza, kwa sababu picha yenyewe inakiri.

Kijana mmoja aliniletea picha ya mchumba wake waliyopiga magharibi pale Mama Ngina, nyuma yake taa za Likoni ng'ambo ya maji. Kwa mbali ilionekana nzuri. Nikavuta karibu kwenye taa moja: haikuwa nukta, ilikuwa ndoano ndogo, imeshuka kisha ikapinda kulia. Nikaenda taa ya pili, ndoano ileile. Ya tatu, ileile. Taa ishirini zimeandika herufi moja. Nikamwonyesha mng'ao ndani ya mboni ya jicho la mchumba wake, nao una mkia uleule. "Huu ni mkono wako," nikamwambia. "Taa zote haziwezi kucheza ngoma moja kwa wakati mmoja."

Ndiyo alama: kila nukta ya mwanga imechora umbo moja kwa upande mmoja. Sababu, kwa mpangilio: shata ilikaa wazi muda mrefu kwa kuwa mwanga ulikuwa mdogo, mpiga picha alibonyeza kwa pupa simu ikayumba, alitumia zumu ndefu inayokuza kila mtetemo, au aliegemea kitu kinachotetemeka, kama gari linalonguruma.

Angalia maelezo ya faili kwanza. Kwa kamera, kanuni ya mkono ni kwamba kasi ya shata isipungue moja juu ya urefu wa fokasi wa lenzi: lenzi ya milimita 50 itake angalau 1/50 ya sekunde, ya milimita 200 itake 1/200. Ukikuta 1/10, huna haja ya kuuliza zaidi.

Je, inatibika? Nusu nusu. Unsharp Mask ya kawaida haifai hapa, itakoleza ule mkia pamoja na taa yenyewe. Kinachotakiwa ni hesabu inayojaribu kuurudisha nyuma ule mtikisiko. Kwenye Photoshop fungua "Smart Sharpen", pale pa kuchagua aina ya ukungu weka "Motion Blur", kisha zungusha pembe ilingane na mwelekeo wa mkia uliouona kwenye taa. Inakubali mstari ulionyooka tu. Ndoano kama ya yule kijana inaikataa. Wanaotumia GIMP waongeze programu jalizi ya G'MIC, ndani yake mna kunoa kwa mbinu ya Richardson na Lucy.

Mbinu hiyo si mchezo. William Richardson aliichapisha mwaka 1972, Leon Lucy akaifikia kwa njia yake mwaka 1974, na ilifanya kazi kubwa baada ya darubini ya Hubble kurushwa angani mwaka 1990 ikagundulika kioo chake kikuu kimesuguliwa vibaya. Mpaka wanaanga walipoirekebisha Desemba 1993, wanasayansi waliponya picha zao kwa hesabu za namna hii. Lakini wao walijua kasoro ya kioo kwa vipimo kamili. Sisi tunabahatisha mkono wa mtu ulivyoyumba jioni moja, kwa hiyo tusitarajie ya Hubble.

Kwa vitendo: mkia ukiwa na urefu wa pikseli mbili tatu, jaribu. Ukiwa pikseli kumi, punguza ukubwa wa picha. Picha ya upana wa pikseli 4000 ikishushwa hadi 1300, mkia wa pikseli tisa unakuwa wa tatu, na kwa kioo cha simu hakuna atakayeuona. Kupunguza ndiyo kunoa kwa bure kuliko kote, na wateja hawaitaki kuisikia.

"Pazia liko kali, bibi harusi ana ukungu"

Fokasi ilikosea. Tafuta mahali popote palipo wazi kwenye picha: maua ya jukwaa, nakshi za mlango nyuma, mkono uliotangulia mbele. Ukipapata mahali hapo, jua kamera ilikuwa sawa ila ilimchagua jirani. Hutokea zaidi kukiwa na kitu chenye kumetameta nyuma, taa za pambo kwa mfano, na uso uko kivulini. Pili, lenzi imefunguliwa mno, f/1.8 kwa karibu, kiasi kwamba pua iko kali na hina ya mkononi imeyeyuka. Tatu, mtu au mpiga picha alisogea kidogo baada ya fokasi kushika. Sababu ya nne imeanza kuzidi siku hizi: simu iko kwenye hali ya urembo. Hapo ngozi imelainishwa kama plastiki ilhali nywele na mkufu viko kali. Hiyo haiitwi fokasi mbovu, na usiinoe. Ngozi halisi haimo tena ndani ya faili. Ulizia kama simu ilihifadhi na picha asili kando.

Kabla ya kutibu, tazama picha ya kabla yake na ya baada yake. Mpiga picha wa harusi mwenye akili hupiga tatu tatu. Mara nyingi ile ya pili ni kali na umeiruka kwa sababu ndani yake shangazi amefumba macho. Kufungua macho ya shangazi ni rahisi kuliko kunoa bibi harusi.

Ukilazimika, usinoe picha nzima, maana utalifanya lile pazia likate kama wembe. Nakili leya, yaani weka tabaka la picha juu ya picha. Noa lile la juu kwa nguvu, Radius 1.5 hadi 2.5. Kisha lifiche lote kwa maski nyeusi na upake rangi nyeupe kwa brashi laini juu ya macho, kope, nyusi, midomo, ukingo wa mtandio na vito tu. Shavu liache. Mwanadamu akitazama picha ya mtu huangalia macho. Macho yakiwa na uhai, anasamehe mengine. Kwenye Snapseed utafanya vivyo hivyo: tumia "Details", kisha ingia kwenye historia ya mabadiliko, uchague hatua hiyo na kuipaka kwa kidole palipohitajika.

Ukipaka hereni moja ukaiacha nyingine, mama yake ataona. Nasema kwa yaliyonipata.

"Wote wako wima, mtoto mmoja ni kivuli"

Mtoto alikimbia. Shata ilitosha kwa waliosimama, haikutosha kwake. Hakuna programu itakayomtuliza kwa uaminifu. Mtoe kutoka picha nyingine ya dakika ileile umpandikize, au mwache alivyo. Kwa waliokuwa wakicheza ngoma mimi huacha, picha ya chakacha isiyo na mtikisiko hata kidogo ni picha ya watu waliosimama.

"Kwenye simu nzuri, kwenye karatasi mbovu"

Nusu ya kazi yangu iko hapa, na si ukungu hata kidogo. Ni uchache wa pikseli.

Bibi mmoja alikuja na picha ya marehemu mumewe, ameketi barazani na kikombe cha kahawa. Ameipata kwenye kundi la WhatsApp la familia. "Mwanangu, nataka kubwa, ya ukutani. Lakini itie ukali, naona macho yamefifia."

Nikaangalia: 1600 kwa 1200, kilobaiti 140. Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka kama 4961 kwa 3508. Ningeichapa, kila inchi ingepata nukta zisizofika mia moja.

"Bibi, aliyeipiga ni nani?"

"Mjukuu wangu, yuko Malindi."

"Ana simu ileile?"

"Anayo."

"Basi mwambie aitume tena, lakini asiitume kama picha. Aitume kama dokumenti."

Alipiga simu palepale, kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Nilimpa kiti. Baada ya muda faili likaingia: 4000 kwa 3000, megabaiti nne na ushee. Nikavuta karibu, na hadi mistari ya kofia ya marehemu, ule ushonaji wa vito, ilihesabika. Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Kumbe haikuwa na ukungu," akasema. "Kumbe walimkamua njiani."

Kwa hiyo mpangilio wa kuchunguza ni huu. Kwanza uliza faili limepita wapi. WhatsApp kwa kawaida hupunguza upande mrefu na kuminya faili, na hata ile hali ya HD iliyoletwa mwaka 2023 inaminya, ingawa kidogo. Dokumenti haiguswi. Pili, angalia kama ni picha ya kioo, yaani mtu amefungua picha kwenye galari akakamata skrini. Utaona saa na betri juu, au vipimo vinavyolingana na kioo cha simu. Tatu, ni picha iliyokatwa kutoka video: video ya upana wa pikseli 1920 inatoa picha ya megapikseli mbili tu, tena mara nyingi yenye mtikisiko. Nne, zumu ya kidijitali, ile ya kutanua kwa vidole viwili kabla ya kupiga.

Vipimo vya kukumbuka kwa nukta 300 kwa inchi: picha ya 4 kwa 6 inataka 1800 kwa 1200, A4 inataka 3508 kwa 2480. Bango la barabarani halihitaji hivyo, watu hulitazama kwa mbali, na nukta 100 au chini yake zinatosha.

Asili isipopatikana kabisa, panua picha kwanza kisha ndipo unoe. Ukinoa kwanza ukapanua baadaye, unapanua na makovu ya kunoa. Na ukali wa karatasi uwe umezidi kidogo kuliko unavyopenda kwenye kioo, kwa vile wino hutambaa ndani ya karatasi. Karatasi isiyong'aa inataka zaidi kidogo kuliko ya kung'aa. Chapa kipande cha uso kwanza kabla hujala karatasi kubwa ya mtu.

"Nimeinoa mwenyewe, imeharibika zaidi"

Dalili zake tatu kila moja ina chanzo chake.

Ukiona kamstari keupe kanazunguka watu kama wamekatwa kwa makasi na kubandikwa, "Radius" imezidi. GIMP 2.10 huanza na 3, ambayo kwa picha nyingi ni nyingi. Shusha hadi 0.8 au 1, na Amount ianze 0.5. Kiangalie kichwa mbele ya anga: hapo ndipo mstari huonekana mwanzo.

Ukiona chenga, punje za rangi kama televisheni isiyoshika stesheni, ulinoa kelele za usiku pamoja na picha. Programu haijui tofauti ya kope na chenga; zote kwake ni kingo. Ondoa chenga kwanza kwa kifaa chake, kisha noa, na upandishe "Threshold" ili maeneo tambarare kama anga na mashavu yasiguswe. Kwenye Lightroom shikilia kitufe cha Alt ukivuta "Masking": palipo peupe patanolewa, palipo peusi pataachwa. Endelea kuvuta mpaka uso ubaki mweusi na macho meupe. Chenga za rangi nyekundu na kijani zikikusumbua zaidi, kwenye Photoshop geuza leya iliyonolewa iwe "Luminosity", ili inoe mwanga tu na kuacha rangi.

Ukiona vigae vidogo vya mraba, hiyo ni JPEG iliyominywa sana. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kunoa kunavifichua. Tafuta faili lingine, hilo limeshachoka. Na wewe usiongeze mzigo: hifadhi kazi yako kwa muundo wa programu yenyewe, utoe JPEG mara moja tu mwishoni, ubora wa 90 kwenda juu.

Pia kumbuka simu zenyewe hunoa kabla hazijakupa picha. Ukinoa tena, unanoa kilichonolewa.

"Programu ya akili unde imempa uso safi, lakini si yeye"

Programu za siku hizi zinajaza undani ambao haumo, kwa kukisia kutoka nyuso nyingine nyingi ilizofunzwa. Kwa maua na majengo inapita. Kwa uso mdogo wenye ukungu, inatengeneza mtu mwingine anayefanana naye. Mteja wangu mmoja alimtambua babake kwa kovu la nyusi. Programu ilikuwa imelifuta.

Shusha nguvu yake hadi nusu, uchanganye na picha asili. Ikiwa ni picha ya pasipoti au kitambulisho, usiitumie kamwe, piga upya. Na kabla ya kupakia picha kwenye tovuti ya bure, fikiria ni ya nani. Picha za wanawake kutoka kwenye sherehe yao, ambako simu zilikusanywa mlangoni, hazipaswi kwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ng'ambo. Hizo zifanyie kazi kwenye kompyuta yako, intaneti imezimwa.

Simama kabisa kama picha au video ni ya ajali, wizi au kesi. Usinoe namba ya gari, usipunguze, usihifadhi upya. Peleka faili asili na chombo kilichorekodi kwa polisi au kwa wakili wako. Ukishaigusa umempa mwenzako la kusema.

Na kama nusu ya picha ni kijivu au imekatika kwa mistari ya rangi, huo si ukungu: huenda kadi ya kamera inakufa. Itoe, usipige wala kufuta chochote juu yake, na mtafute anayerejesha data.

"Ni ya zamani, imeganda kwenye kioo cha fremu"

Joto na unyevu hugandisha karatasi ya picha kwenye kioo, halafu mtu anaona mabaka yenye ukungu, anadhani ni picha. Usiibandue. Usiloweke, usipashe kwa kikausha nywele. Sura itabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi mwako.

Futa kioo kwa nje, na kama kimelala bapa, iskani humohumo kwa nukta 600 kwa inchi. Isipowezekana, ipige kwa kamera kando ya dirisha, taa zote za ndani zimezimwa, kitambaa cheusi nyuma yako ili usijione mwenyewe ndani ya kioo. Mabaka yatashughulikiwa baadaye kwenye nakala, polepole, kwa "Levels" na brashi. Kama ndiyo picha pekee iliyobaki ya mtu huyo, usijaribu hata hayo. Ipeleke kwa anayeijua kazi hiyo, ndani ya fremu yake vilevile.